Apache juu ya klasta ya mashine mbili Lubumbashi: umeme ukikatika, nani abaki na anwani?

mwana_kamalondo

Jambo yenu bandugu.

Niko Lubumbashi, natunza mashine za depo moja ya vipuri vya malori. Tuna ukurasa wa wavuti ambao makarani wetu wa Kasumbalesa na Kolwezi wanaufungua siku nzima: kipuri gani kiko, kipi kimeshatoka, lori gani limebeba nini. Ni Apache 2.4 (inayotoa kurasa), PHP (lugha ya programu yenyewe) na MariaDB (hifadhidata), vyote juu ya Debian 12, aina ya Linux. Ukurasa ukizima, simu zangu hazinyamazi, na patron anakuja kusimama nyuma ya kiti changu bila kusema kitu.

Patron amenunua seva mbili za HP ProLiant Gen8 zilizokuwa za kampuni moja ya mgodi. Anataka zote mbili "zikuwe kama mashine moja". Fundi aliyenitangulia aliacha CD ya ClusterKnoppix (Linux ya zamani yenye openMosix ndani) na daftari lenye maelezo ya openMosix: unaanzisha mchakato kwenye mashine yoyote, wenyewe unahamia kwenye mashine yenye nafasi. Nikisoma hivyo naona ndicho anachotaka patron. Je, Apache inaweza kuendeshwa namna hiyo leo?

Kama haiwezekani, nimeshaweka Pacemaker (inayohamisha huduma kati ya mashine) na Corosync (inayofanya mashine zisikilizane) kwenye mashine zote mbili, na zinaonana. Anwani ya pamoja, ile makarani wanayoifungua, ni 192.168.10.50. Mwongozo niliofuata unasema nizime stonith (kinga ya kuhakikisha mashine iliyopotea imezimwa kweli), yaani niweke stonith-enabled=false, nimeweka. Nikichomoa kebo ya mtandao, kila mashine inajitwalia ile anwani, na kila moja inajiona ndiyo mwenye nyumba. Makarani wawili wanaweza kuona orodha mbili tofauti za kipuri kimoja. Hilo linaniogopesha kuliko ukurasa kuzima.

Kuhusu umeme: seva ya kwanza iko kwenye inveta na betri. Ya pili iko moja kwa moja kwenye laini ya mji, ikikatika inangoja jenereta. Swichi ya mtandao iko ofisi ya sekretari, kwenye tripeli (soketi ya kugawa umeme) moja na printa.

fundi_ruashi

Uza mashine moja, nunua betri.

Nasema kweli. Depo ya vipuri haihitaji klasta. Mashine moja yenye diski mbili za RAID 1 (moja ni nakala ya nyingine), betri nzuri, nakala ya hifadhidata kila usiku kwenye diski inayotoka nje ya jengo. Ikiharibika, unabeba diski unaziingiza kwenye ile nyingine, nusu saa umemaliza. Klasta inaleta aina mpya za kuharibika ambazo hukuwa nazo. Hiyo ya makarani kuona orodha mbili, ungeipata wapi ukiwa na seva moja?

Tena angalia nyuma ya hizo ProLiant. Nyingi zina nafasi ya pawa mbili. Kama zako zinazo, chomeka moja kwenye inveta, nyingine kwenye laini ya mji. Kwa hilo tu utakuwa umeshaondoa sehemu kubwa ya kelele.

yaya_wa_kipushi

Mdogo wangu, fundi_ruashi hajakosea, na habari ya pawa mbili uifanye kesho asubuhi hata kabla ya kunisoma mpaka mwisho. Lakini patron ameshanunua, na mashine ya pili itakaa pale. Afadhali ikae ikifanya kazi.

Tuanze na ile CD, halafu uirudishe kabatini. Mizizi ya openMosix ni MOSIX, kazi ya Amnon Barak na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Yerusalemu. Moshe Bar alianzisha openMosix mwaka 2002, na mradi ukafungwa mwaka 2008. Ilishikamana na kerneli (kiini cha mfumo) za Linux za 2.4. Debian 12 yako iko kwenye 6.1. Hapo hakuna daraja.

Na hata ingefufuka leo, Apache isingehama. Michakato yake inaandika kwenye kumbukumbu moja ya pamoja, kila mtoto anaonyesha humo kama yuko kazini au amekaa bure, na openMosix haikuhamisha mchakato wenye kumbukumbu ya pamoja ya kuandikia. Kuna zaidi. Mchakato uliohama ulibaki umefungwa na mashine ulikozaliwa: kila ulipotaka kusoma au kuandika kwenye mtandao, ombi lilirudi kwanza nyumbani. Nyumbani pakizima, mchakato unakufa, hata kama ulikuwa unakimbia kwenye mashine nyingine iliyo nzima kabisa. Mfumo ule ulifaa hesabu nzito, mtu mwenye kazi mia za kukokotoa na mashine kumi zimekaa bure. Makarani wako hawaichoshi seva hata kidogo. Wewe unatafuta ukurasa usizime, na kwa hilo Pacemaker na Corosync ndiyo njia. Patron mwambie zimekuwa mashine moja. Kwa macho ya karani wa Kasumbalesa itakuwa kweli.

Sasa stonith. Mwongozo uliokuambia uizime uliandikwa na mtu anayejaribu klasta kwenye kompyuta yake ya mkononi. Klasta ya mashine mbili ni kesi ya ndugu wawili bila mzee: kila mmoja anasema mwenzake amekufa, kila mmoja anarithi. Inahitaji vitu viwili, kura ya tatu, na njia ya kuhakikisha aliyeshindwa kura amezimika kweli, si kwamba amenyamaza tu.

Watu wengi watakuambia: ProLiant ina iLO (kompyuta ndogo ya ndani ya kuizima na kuiwasha seva kutoka mbali), tumia fence_ilo4, mashine moja inaizima nyingine kupitia iLO, kazi imekwisha. Huko ambako umeme haukatiki, sawa. Kwetu, fikiria. iLO inakula umeme wa seva ileile. Seva ya pili ikikosa umeme, iLO yake inakufa pamoja nayo. Ya kwanza inaiita iLO ili iizime seva ya pili, haijibiwi. Pacemaker haiwezi kujua kama mwenzake amezimika au kebo tu imekatika, kwa hiyo inangoja, inaita tena, inangoja. Anwani haihami. Ukurasa umelala, na mashine nzima yenye betri imejaa inautazama. Yaani njia ya vitabuni inashindwa kwenye ajali ileile inayotupata sisi kila wiki.

Kwa hiyo kabla ya kuandika amri yoyote chukua karatasi, uchore nani anakula umeme wa nani. Mimi nikisoma maelezo yako, kidonda ninachokiona si Apache wala Corosync. Ni swichi. Iko kwa sekretari, kwenye tripeli moja na printa! Umeme wa mji ukikatika, swichi inazima, seva ya kwanza inabaki hai kwenye betri lakini haioni mtu. Hakuna usanidi utakaokuokoa hapo. Hamisha swichi na ruta kwenye inveta. Halafu vuta kebo moja ya moja kwa moja kati ya seva na seva, bila swichi, uiongeze kwenye Corosync kama njia ya pili. Corosync ya toleo la 3 inakubali njia kadhaa kwa wakati mmoja.

Kura ya tatu: tafuta mashine ndogo, Raspberry Pi inatosha, au kompyuta yoyote ya zamani isiyokula umeme mwingi. Haitaendesha Apache wala hifadhidata. Kazi yake ni kupiga kura tu. Iite shahidi. Weka corosync-qnetd (huduma ya kupiga hiyo kura) na pcs (chombo cha kuamrisha klasta) juu yake:

pcs qdevice setup model net --enable --start

Kwenye seva mbili weka kifurushi cha corosync-qdevice, kisha kutoka mojawapo:

pcs host auth shahidi
pcs quorum device add model net host=shahidi algorithm=ffsplit

Sasa kura ni tatu, na wingi ni mbili. Kama una two_node: 1 kwenye corosync.conf hakikisha imeondoka, hiyo ni ya klasta isiyo na shahidi. Ukuta wa moto wa shahidi uache wazi TCP 5403 kwa qnetd, na 2224 kwa pcs. Seva kwa seva ni UDP 5405 kwa njia ya kwanza, na 5406 kwa njia ya pili.

Badala ya iLO, tumia sbd bila diski. Kila seva ina saa ya ulinzi ndani yake, kwenye ProLiant ni moduli ya hpwdt, inaonekana kama /dev/watchdog. sbd inaigusa saa hiyo mara kwa mara. Seva ikipoteza wingi wa kura, sbd inaacha kuigusa na saa inaipiga seva chini, iwashe upya. Aliyebaki na wingi anahesabu muda uliowekwa, kisha anaamini mwenzake hayupo, kwa sababu mwenzake ama hana umeme ama amejiangusha. Haombi ruhusa ya iLO iliyokufa. Uzuri wake kwetu ndio huo.

Muda lakini uutunze. qdevice inangoja sekunde 30 kabla ya kukata tamaa kwa kura, kwa hiyo kwenye /etc/default/sbd usiache SBD_WATCHDOG_TIMEOUT ya sekunde 5. Weka 35, na SBD_DEVICE iache tupu. Kisha:

pcs property set stonith-watchdog-timeout=70
pcs property set stonith-enabled=true

sbd inawashwa klasta ikiwa imesimama, kwa hiyo fanya jioni makarani wakiisha kwenda.

Apache yenyewe ni sehemu rahisi. Kwanza mnyang'anye systemd (msimamizi wa huduma za Debian), asiiwashe mwenyewe mashine ikiamka:

systemctl disable --now apache2

Fanya hivyo kwenye seva zote mbili. Halafu:

pcs resource create anwani ocf:heartbeat:IPaddr2 ip=192.168.10.50 cidr_netmask=24 op monitor interval=20s
pcs resource create tovuti ocf:heartbeat:apache configfile=/etc/apache2/apache2.conf statusurl=http://127.0.0.1/server-status op monitor interval=30s
pcs resource group add depo anwani tovuti

Kundi linafanya mambo mawili: vitu vyake vinakaa mashine moja, na vinawashwa kwa mpangilio ulioandika. Anwani inatangulia kwa sababu. Kama kwenye ports.conf umeandika Listen 192.168.10.50:80, Apache itakataa kuwaka anwani ikiwa haipo. Andika Listen 80 tu, utalala vizuri. Ukurasa wa server-status Debian imeshauwasha, na unajibu kwa mashine yenyewe peke yake. Usiufungue kwa nje.

Kuna watakaokuambia utumie systemd:apache2 badala ya ocf. Inafanya kazi, ila Pacemaker itauliza tu "huduma iko hai?". Ile ya ocf inaomba ukurasa na kungoja jibu. Apache inaweza kuwa hai na haijibu mtu, mimi hiyo ndiyo ninayoiogopa.

papa_likasi

Yaya ameeleza vizuri, lakini hakuna aliyegusa MariaDB. Apache haina kumbukumbu ya kitu. Ikihamia seva ya pili na kukuta hifadhidata ya juzi, karani atauza kipuri ambacho kimeshatoka.

Kijana, Galera (njia ya kuendesha MariaDB kwenye mashine kadhaa kwa pamoja) usiianze na seva mbili, nayo inataka wingi wa kura zake yenyewe. Kwa depo, DRBD inatosha. Diski ya seva ya kwanza inanakiliwa kwenye ya pili kupitia ile kebo ya moja kwa moja, kwa protokoli C: andiko halihesabiwi kuwa limekamilika mpaka liwe limefika diski zote mbili. MariaDB inawaka upande mmoja tu, ule wenye anwani.

Jambo moja la kuangalia kwa makini. Umeme umekatika saa nane, seva ya pili ikafa. Ya kwanza ikaendelea na betri, makarani wakaandika mpaka saa kumi, betri ikaisha. Saa kumi na mbili umeme unarudi, na seva ya pili inaamka kabla ya ya kwanza. Ina data ya saa nane. Pamoja na shahidi ina kura mbili, ina wingi, ina haki ya kuwaka. Bila DRBD kujua kwamba nakala hiyo imepitwa na wakati, masaa mawili ya kazi yamepotea. Kwenye usanidi wa DRBD weka fencing resource-and-stonith, pamoja na zile skripti zake za crm-fence-peer na crm-unfence-peer. Hapo wakati seva ya pili inakufa, ya kwanza inaandika kwenye klasta kwamba mwenzake asipandishwe (asifanywe mwenye kuandika) mpaka apate data mpya. Lakini seva ya pili ikiamka peke yake haitaliona andiko hilo, kwa hiyo usiipandishe kwa nguvu kabla haijaonana na ya kwanza.

Na mvua ikianza, radi. Kebo ya mtandao inayotoka jengo moja kwenda lingine ndiyo inayoingiza radi kwenye swichi. Ukiona umbali ni mkubwa weka faiba, hata ya bei ya chini.

mwana_kamalondo

Aksanti yaya, aksanti papa. Fundi_ruashi, pawa mbili zipo kwenye zote, nimezigawa kama ulivyosema.

Swichi na ruta vimehama, viko kwenye inveta. Sekretari amelalamika kwa sababu ya tundu ukutani lakini ameshazoea. Shahidi ni Raspberry Pi, nayo iko kwenye betri. sbd inawaka, hpwdt imeonekana bila shida. Nimechomoa pawa zote mbili za seva iliyokuwa na anwani, na baada ya muda ukurasa umerudi kwenye ya pili. DRBD bado naisoma, kwa sasa hifadhidata iko seva ya kwanza tu.

Nina maswali mawili. Patron anauliza kwa nini inachukua zaidi ya dakika moja, yeye alifikiri ni papo hapo. Ninaweza kushusha 70? Na makarani wanasema ukurasa ukirudi wanaombwa neno la siri upya, na walichokuwa wanaandika kimepotea.

yaya_wa_kipushi

Usiishushe 70 peke yake. Ni lazima iwe mara mbili ya ile 35, na 35 ni lazima ipite sekunde 30 za qdevice. Ukitaka haraka shusha zote tatu kwa mpangilio huo, kuanzia sync_timeout ya qdevice, na ujue unachonunua: mtandao ukikohoa kidogo, seva nzima inajiangusha. Kwa inveta zetu zinazobadilisha laini na swichi inayokwama sekunde chache, mimi ningeiacha dakika moja. Mwambie patron kwamba zamani ilikuwa mpaka wewe ufike kutoka Kamalondo.

Lakini dakika hiyo ni ya ajali tu. Ukitaka kuzima seva kwa kazi yako, usichomoe. Andika pcs node standby na jina la seva, anwani na Apache vitahama kwa sekunde chache, na hakuna anayepigwa chini. Mafuta ya jenereta yakikaribia kuisha na unaona betri inashuka, fanya hivyo kabla. Ila usisahau kwamba mpaka umalize DRBD, kuhamisha Apache bila hifadhidata hakusaidii mtu. Ukurasa utafunguka na kuandika kwamba haioni MariaDB. Kwa hiyo usimwambie patron kwamba kazi imekwisha.

Neno la siri: PHP ya Debian inaweka vikao vya watumiaji kwenye /var/lib/php/sessions, diski ya seva ile iliyokufa. Ya pili haiwajui. Ukishakuwa na DRBD, ama uhamishie folda hiyo humo, ama uandike vikao kwenye MariaDB. Mimi ningechagua folda, hakuna kugusa programu. Kumbuka kubadilisha session.save_path, na kwamba ile kazi ya Debian ya kufagia vikao vya zamani inafuata njia unayoandika kwenye php.ini, si kwenye usanidi wa tovuti moja.

Walichokuwa wanaandika bila kukituma, hicho hakikuwahi kufika kwenye seva yoyote. Hapo ni kazi ya aliyeandika ule ukurasa.

fundi_ruashi

Seva mbili, Raspberry Pi, DRBD, sbd, kwa ajili ya orodha ya bering na filta. Haya. Nakala ya usiku umeiweka?

mwana_kamalondo

Iko. mariadb-dump kila saa sita usiku, na diski inatoka na mimi kila Ijumaa.

fundi_ruashi

Isitoke Ijumaa tu. DRBD inanakili kila kitu papo hapo, pamoja na karani aliyefuta jedwali zima. Itoke kila siku.

papa_likasi

Hapo na mimi namuunga mkono. Na jaribu kuirudisha kwenye ile kompyuta ya zamani mara moja kwa mwezi, usiangalie ukubwa wa faili tu.

Ukifika kwenye DRBD na ikakataa kupanda daraja, leta hapa matokeo ya drbdadm status ya pande zote mbili, siyo upande mmoja.